Mkono wa Kisu cha Mama Kyalo

Kisu kilikuwa kimeachwa peke yake juu ya gunia la viazi, na wanawake watatu walikuwa wameshakisema vibaya. Ilikuwa Matinyani, asubuhi ya mazishi ya Mama Kyalo, nyuma ya nyumba ya mwanawe, mahali palipowashwa mioto mitano na moshi ukatuumiza macho sote bila ubaguzi. Watu wa kwetu hawaendi kupikia msiba bila kisu. Kila mama anatoka na chake nyumbani, amekifunga uzi au amekipaka rangi ya kucha ili kisichanganyike na vya wenzake, na jioni utasikia kelele za kila mmoja akitafuta chake. Hiki hakikuwa na uzi wala rangi. Mwenyewe alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza.

"Hii kisu iko na nini?" mmoja aliuliza, akijikuna kiganja. "Inakataa mtu."

"Ilikuwa ya marehemu."

"Aiya! Basi iacheni hapo hapo. Msiniletee mambo."

Mimi nilikuwa nimetoka Kathonzweni alfajiri, mgongo unaniuma, nimepewa kiti cha plastiki kwa heshima ya mvi zangu. Nilikitazama kile kisu nikakijua. Si chuma nilichokijua, maana chuma kilikuwa kimenolewa miaka mingi hadi kimebaki chembamba. Nilijua mkono wake. Kwa Kiswahili cha shule unaitwa mpini, lakini Kathonzweni nzima tunasema mkono wa kisu, na aliyenifundisha kazi hii angekutoa nje ukisema vingine. Mkono ule niliuchonga mimi, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilijua pia kwa nini ulikuwa unawakataa wale wanawake. Nilikaa pale nikijifuta macho, nao wakadhani ni moshi.

Wakati ule nilikuwa nimepewa mwaka mmoja, wala si siku zaidi. Mama yangu alikuwa ameninunulia cherehani, akaifunika na kitambaa cha maua pembeni mwa kitanda, na kila asubuhi nikiamka kitu cha kwanza kuona ni ile cherehani ikinisubiri. Mimi na sindano hatukuwahi kupatana. Nilipomwambia nimepata kazi kwa fundi wa visu, akasema, "Mpaka Krismasi. Ikifika Krismasi hujatulia huko kwa wanaume, utashona." Alikuwa mama wa kusema mara moja. Nilijua cherehani ile ingefunuliwa siku ya pili ya Krismasi na mimi nikakalishwa nyuma yake maisha yangu yote.

Jinsi nilivyoipata kazi yenyewe ni kichekesho. Karakana ya Mutiso ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya bucha, sokoni Kathonzweni. Siku moja nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani, nikamwona amesimama juani na kipande cha mbao kikavu, cha rangi isiyo na jina. Akakitemea mate, akakisugua na kidole, na pale pale mistari myekundu ikatokea ndani ya ile mbao, imejipinda kama maji yanapopita mchangani. Nilisimama nikatazama hadi shingo ikaanza kuwaka. "Unataka nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Nataka kuona kama itabaki hivyo ikikauka." Akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu kuliko alivyocheka. Vumbi la pembe lilikuwa limemharibu kifua, na alikuwa anatafuta mtu wa kupiga msasa badala yake. Vijana wanne walikuwa wamekuja wakaondoka, kila mmoja akitaka kuchonga siku ya pili. Mimi nikasema nitapiga msasa. Kesho yake nilianza.

Mutiso alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkali, na mwenye chuki moja kubwa maishani: rangi ya viatu. Aliwahi kufanya kazi kwa watu wa vinyago, wakamfundisha kupaka rangi nyeusi ya viatu kwenye mti laini ili mtalii adhani ni mpingo. Aliondoka pale na hasira ambayo haikumtoka. Ukimletea mbao iliyopakwa chochote kisichokuwa mafuta, alikuwa anainusa kwanza, halafu anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Sharti aliloniwekea lilikuwa fupi. "Mwaka mzima ni msasa. Kabla ya Krismasi utaweka mkono mmoja, wako mwenyewe, wa mteja wa ukweli. Mteja akikaa nao, ile vaisi ya pili ni yako. Akiurudisha, unaenda kwa cherehani ya mama yako." Vaisi ya pili, kile chuma cha kubania kazi, ilikuwa imefungwa mwisho wa meza, haitumiki, imejaa vumbi. Nilikuwa naifuta kila Ijumaa bila kuambiwa.

Leo watu wakiniuliza nilisomea wapi, nasema nilisomea kwenye msasa. Mwaka ule nilishika kila kitu kinachoota au kinachotembea katika nchi yetu kavu. Mti wa mukau nilikuwa naujua kwa milango na vitanda tu. Sikujua kwamba ukisuguliwa kwa msasa laini halafu ukapata tone la mafuta ya mbarika, unaamka ukawa mwekundu wa joto. Mkwaju nje ni mweupe wa kawaida, lakini moyo wake ni wa zambarau iliyokolea karibu na weusi, na Mutiso alikuwa ametundika vipande vyake juu ya dari tangu kabla hajaoa, vikauke polepole, maana mbao mbichi ikikaushiwa mkononi mwa mtu inapasuka. Mfupa wa paja tulipata bucha hapo mbele. Tuliuchemsha na magadi hadi mafuta yote yakatoka, tukauanika juu ya mabati, na mbwa wa soko zima wakawa wanatupa heshima ambayo hata chifu hakuipata. Mara mbili nilimkimbiza mbwa hadi barabarani na mkono wa kisu wa mtu mdomoni mwake.

Lakini kilichonimaliza mimi ni pembe. Pembe la ng'ombe kwa nje ni kitu kichafu, kimechubuka. Unalichemsha hadi linalainika, unalipasua, unalibana katikati ya mbao mbili kwenye vaisi hadi kesho yake linyooke, kisha unaanza kukwangua. Ndani kuna mawingu. Ukiliinua dirishani mwanga unapita, rangi ya asali, na katikati unakuta michirizi myeusi ambayo hakuna mtu aliyeichora. Harufu yake wakati wa kusugua ni ya nywele zilizoungua, nayo haitoki kwa sabuni. Mwaka ule mzima kanisani nilikaa benchi peke yangu. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa nimependa pembe kama wenzangu walivyopenda wavulana.

Kulikuwa na mti mmoja tu niliodharau, mulului. Huo ulikuwa wa mikono ya majembe, mweupe-manjano kama ugali uliolala, hauna mstari wala hadithi. Kikiletwa kisu cha mulului nilikipiga msasa huku nikitazama dirishani.

Kitu kingine nilichojifunza kwa Mutiso ni kusalimia. Alikuwa akimpa mteja mkono na hamwachii haraka. Anamuuliza habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua, na wakati huo wote kidole chake kinapima: kiganja kipana au chembamba, gumba refu au fupi, sugu ziko wapi. Mteja anaenda zake akidhani fundi ni mtu wa watu. Kumbe ameshachukuliwa vipimo kama vya suti. Watu walishangaa jinsi visu vya Mutiso vilivyowakaa, na siri yote ilikuwa ile salamu. Aliijivunia kuliko kitu kingine chochote alichokijua. Nami nikaiga, nikawa nasalimia watu hadi mama yangu akaniuliza kama nataka kugombea udiwani.

Saa sita mchana, mkewe Kavata alituletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria iliyofunikwa na sahani, tukala tumekaa juu ya magogo, sisi watatu, vumbi likielea kwenye mwanga. Ukuta kati yetu na bucha ulikuwa wa mabati yenye matundu ya misumari, kwa hivyo tulikula na maneno ya wateja wa nyama. Hapo ndipo nilipomsikia Mama Kyalo kwanza, kabla sijamwona. Alikuwa mpishi wa harusi. Hakuna harusi ya kanisa kutoka kwetu hadi barabara kuu iliyoitwa harusi kama hakuipikia yeye. Alipika peke yake, akafunga mlango wa jikoni hadi kila kitu kimekatwa na kuingia sufuriani, ndipo anafungua.

"Umewahi kumwona akikata nyama?" sauti moja iliuliza ukutani.

"Hakuna mtu amewahi. Hata sisi wa kwaya tulifukuzwa."

"Halafu chakula inatoka tamu hivyo. Hiyo si kupika. Hiyo ni kamuti."

Kamuti ni uchawi wetu, na neno hilo halisemwi kwa mchezo. Kavata aligonga mabati na kijiko kwa nguvu. "Nunueni nyama mwende!" akapaza sauti. Upande wa pili wakaanza kucheka kwa chini. Mutiso aliendelea kutafuna. Mimi nilijisemea kwamba mwanamke wa namna hiyo angefaa kuwa na kisu cha kutisha.

Mama Kyalo mwenyewe akaja mwezi wa kumi, siku ambayo Mutiso alikuwa amekwenda Makindu kutafuta misumeno mikuukuu ya kutengenezea visu. Mama mnene, mwenye sauti ya kicheko, amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Kisu chake kilikuwa kimezungushiwa waya kwenye mkono kwa sababu mbao ilikuwa imepasuka; ilikuwa ya mulului, nyeusi kwa mafuta ya miaka, mbaya kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia pale. Nikampa salamu ya Mutiso, ndefu.

"Wee, unanisalimia ama unanikamata?" akauliza.

Nikacheka, lakini sikuachia hadi nilipomaliza. Kiganja kipana, gumba fupi, nene. Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya leso. Mutiso aliporudi nilimweleza, naye akapuliza vumbi kwenye kile kisu akasema, "Basi huyo ndiye mteja wako." Moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa woga. Krismasi ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Sikufikiri mara mbili kuhusu kitu cha kutumia. Nilikuwa nimehifadhi pembe moja tangu mwezi wa nne, pembe lenye mwanga wa asali na mchirizi mmoja mweusi ulioanza chini ukafifia juu. Niling'oa ule mkono wa zamani, pande mbili za mulului. Upande mmoja niliutupa motoni chini ya sufuria niliyochemshia pembe lenyewe, mwingine ukaanguka sijui wapi, wala sikuutafuta. Wiki tatu nilichonga. Niliacha uvimbe upande wa kulia wa kujaza kiganja, na upande wa kushoto nikakwangua kibonde cha gumba, kifupi na kipana, sawa na gumba nililolishika. Misumari niliifanya ya waya wa shaba. Nilisugua kwa msasa, kwa jivu, kwa kitambaa, na mwisho kwa kiganja changu mwenyewe hadi nikawa najiona usoni mwake. Mutiso aliuinua dirishani, akaugeuza, mwanga ukapita. "Ni mzuri," akasema. Kwa Mutiso hiyo ilikuwa hotuba.

Siku Mama Kyalo alipokuja kukichukua, hata mwenye bucha alitoka na aproni yake ya damu kuja kuona. Mama alikipokea kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaguna. "Ngai! Hii mtu anaweza kuvaa kanisani." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Usiku huo sikuitazama ile cherehani kabisa.

Jumatatu baada ya harusi ya kwanza akakirudisha. Hakuwa na kicheko. Alikiweka juu ya meza taratibu, kama anayeweka yai, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa na kufichwa ndani ya leso. "Ni mzuri sana, mwanangu. Lakini haukai."

"Haukai vipi, Mama?"

"Haukai tu."

Akaondoka. Mutiso akakishika, kikamkaa. Akamwita mwenye bucha, kikamkaa hata yeye, akataka kukinunua. Mutiso hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. "Umerudishwa," akasema.

"Krismasi haijafika, Mzee. Nipe hizo wiki tatu."

Alinitazama, akatazama kile kisu, akaanza kukohoa, akatoka nje. Hakusema ndiyo wala hapana. Nikaichukua kuwa ndiyo.

Jioni ile nilifagia nikilia. Ninasema wazi, nililia kamasi, maana nilikuwa nimeweka kila nilichokijua kwenye lile pembe na mwanamke mmoja amesema haukai, basi. Chini ya meza, ndani ya maranda, ufagio ukakokota kitu kizito. Ni ule upande wa pili wa mulului. Nilitaka kuutupa motoni ukamfuate mwenzake, lakini mazoea ni kitu kibaya: mwaka mzima nilikuwa nimeona Mutiso hatupi mbao bila kuilowesha kwanza. Nikautemea mate, nikausugua na kidole. Chini ya ile grisi kulikuwa na mawimbi. Madogo sana, ya fedha, yamelala kimya kimya ndani ya ule mti niliouita ugali uliolala. Na juu ya mawimbi hayo kulikuwa na kibonde, kimelika kwa miaka, laini kuliko kitu chochote nilichowahi kukipiga msasa mimi. Gumba lilikuwa limekichimba lenyewe.

Nikaufikiria ule upande ulikaa wapi. Nikauegesha kwenye kisu, nikapatanisha matundu na vichwa vya misumari. Ukakubali kukaa upande mmoja tu, wa kulia. Nikageuza, ukakataa. Nikarudisha, ukakubali. Gumba upande wa kulia? Nikakishika kisu kwa mkono wangu wa kulia, gumba likaenda kushoto, kama la kila mtu. Nikakihamishia mkono wa kushoto.

Nilikaa chini kwenye maranda. Mlango uliofungwa, kwaya iliyofukuzwa, mkono ndani ya leso. Kumbe! Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, hausalimii, haugusi chakula cha mgeni. Watoto walichapwa kwa ajili yake. Mpishi wa harusi anayekatia watu nyama kwa kushoto, wale wa ukutani wangesema nini, kama walishasema kamuti bila kuona chochote? Nami nilikuwa nimempima kwa salamu, mkono wa kulia, mkono ambao hakuwahi kukata nao hata kitunguu. Siri kubwa ya Mutiso ilikuwa na shimo katikati, na hakuna mtu angeliona, kwa sababu hakuna mtu kwetu anayesalimia kwa mwingine. Nilitaka kukimbia kumweleza. Halafu nikatazama yale mabati yenye matundu, nikafunga mdomo.

Nikachonga tena, kwa mulului. Nilichagua kipande kikavu kutoka lundo la mikono ya majembe, lakini safari hii nilikilowesha kwanza, nikatafuta mawimbi yalivyolala, nikayafuata. Kibonde nilikinakili kutoka kwa ule upande wa zamani, nikikipima kwa gumba langu la kushoto mara mia. Mutiso alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mulului? Baada ya pembe?"

"Anataka kushika, Mzee. Hataki kuvaa kanisani."

Akainama karibu zaidi. "Umegeuza gumba."

"Najua."

Alifungua mdomo. Akanitazama, akautazama ukuta wa bucha, akafunga mdomo. Baada ya dakika kadhaa akapanda juu ya gogo, akatoa chupa ya mafuta ya mbarika aliyokuwa akiificha, ile safi, akaiweka karibu na mkono wangu.

Harusi iliyofuata ilikuwa nyuma ya kanisa, kwenye nyumba yenye jiko la udongo la kujitegemea. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha. "Nani?" "Ni Mwikali wa visu." Ukafunguka kidogo, nikaingia, ukafungwa. Ndani kulikuwa na nyama ya mbuzi watatu, magunia, karai za vitunguu, na yeye peke yake, amelowa jasho. Ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza kazi ile ilivyokuwa: kupikia watu mia tatu peke yako, kila Jumamosi, ili wasikuone. Nikampa kisu. Akakipokea kwa kulia, akashukuru. Akakitazama. Nikaona gumba lake likigusa kile kibonde, upande ule wa pili, uso ukamkauka.

Nikageuka nikatazama ukuta. Kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita pale, nikasoma miezi. Nikasoma hadi mwezi wa sita kabla sijasikia kitu. Kisha nikasikia kisu kwenye ubao, kwanza taratibu, halafu haraka, halafu haraka sana, bila kusita, kama mvua inapoamua kunyesha juu ya mabati.

"Nani alikuambia?" akauliza nyuma yangu, bila kuacha kukata.

"Mbao, Mama. Ile ya zamani."

Kisu kikasimama. "Miaka thelathini watu hawajaona," akasema. "Mbao ndiyo imeona." Sauti yake haikuwa sawa. Akanieleza akiwa nyuma yangu vile vile. Alipokuwa mtoto walimfunga ule mkono mgongoni kwa kamba ya mkonge ili ausahau. Alipoolewa, mama mkwe alimkuta akikata sukuma nao, akamwaga sufuria nzima ya ndengu kwa kuku. Tangu siku hiyo alifunga mlango. Kuhusu kamuti alikuwa anajua wanavyosema. Aliona heri hiyo kuliko ile nyingine.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ameshika kisu kwa kushoto, amekishika kama kilichoota mkononi mwake, nyama ikianguka vipande sawa sawa, wala hakuwa anatazama. Alikuwa ananitazama mimi, aone nitafanya nini. Nikaosha mikono. "Nimenye vitunguu?" nikamuuliza. Akaanza kucheka, kile kicheko chake chote, hadi akakaa chini juu ya gunia. "Menya, menya! Hujui nimengoja mtu wa vitunguu tangu lini." Siku hiyo nilikula wali na nyama kabla ya bibi harusi, nikiwa nimekaa sakafuni, na hakuna chakula nimewahi kula kitamu vile.

Jumatatu alipita karakana. Alisimama mlangoni, akasema neno moja kwa Mutiso, kwa sauti ya kusikika hadi bucha: "Umekaa." Akaenda zake. Mutiso alisubiri hadi mwenye bucha alipowasha redio yake, ndipo akanisogelea. "Miaka yote hii," akaninong'oneza, "nimekuwa nikisalimia watu vibaya." Nilidhani anatania. Alikuwa na machozi. Kuanzia wiki ile, kila mteja aliyekuja alisalimiwa, halafu akapewa kiazi na kisu kizee akaambiwa akate. Watu walisema Mutiso amezeeka vibaya. Mimi nilikuwa kwenye vaisi ya pili, nikiwachungulia. Mama yangu aliuza cherehani ile mwezi wa kwanza, akanunua mbuzi wawili, na hakulizungumzia jambo hilo tena. Zile pande mbili za pembe niliziondoa kisuni kabla sijaweka mulului, na ziko dirishani kwangu hadi leo. Jua la asubuhi likipita ndani yake, bado nazipenda. Sina aibu. Ila siku hizi mtu akiniletea mbao yoyote, hata ya jembe, nailowesha kwanza kabla sijaisema.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani pale Matinyani, kwenye kiti cha plastiki. Mama Kyalo alihamia huko kwa mwanawe uzeeni, ameacha kupikia harusi, na majirani zake wapya hawakuwahi kumwona na kisu. Ndiyo maana wale wanawake walikiogopa. Nilikuwa nimeanza kuinuka ili nikaseme kitu, hata sijui kitu gani, binti mmoja akatoka ndani ya nyumba akiwa amevaa sweta nyeusi, macho mekundu. Ni binti wa Kyalo, mwalimu wa shule, anaitwa Nduku, jina alilozaliwa nalo nyanyake.

"Kisu cha Susu kiko wapi?" akauliza. Susu ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

"Iko hapo, lakini achana nayo, iko na maneno," mmoja akamwambia.

Nduku akakiokota kwa mkono wa kushoto, akavuta karai la kabichi, akakaa mbele yao wote akaanza kukata. Kabichi ikawa inaanguka kama nyuzi. Hakufunga chochote, hakujificha nyuma ya chochote. Mimi nilishika kiti.

"Kumbe wewe ni mashoto?" yule aliyekuwa akijikuna kiganja akasema mwisho.

"Ndiyo, Auntie. Kama Susu. Yeye ndiye alikataza watu wasinifunge."

"Aiya," yule mama akasema. Akatazama kiganja chake, akatazama kile kisu, halafu akaanza kucheka. "Kwa hivyo shida haikuwa ya kisu!" Wengine wakamfuata kucheka, ule uchekaji wa msibani unaochanganyika na kulia, na mmoja akasogeza kigoda karibu na Nduku, akaanza kumpangia kabichi.

Baadaye Nduku alikuja kukaa karibu nami, mtu amemwelekeza. Aliniambia nyanyake alinitaja mara nyingi, yule msichana aliyesoma kalenda. Kisu kilimkaa, akasema, ila kiganja chake ni kidogo. Je, ningeweza kumwekea kisu kingine mkono wa kiganja chake, na cha Susu akihifadhi? Nikamwambia ningeweza, kwamba nina kipande cha mulului juu ya dari ambacho kimengoja miaka minane.

"Nipe mkono basi," nikamwambia.

Akaufuta kwenye leso haraka, akaninyooshea wa kulia, kwa adabu, kama alivyofundishwa kusalimia wazee.

"Siyo huo," nikasema. "Nipe ule unaokata nao."